Kenya: Mekatilili wa Menza, mfungwa aliyerudi akapewa baraza

Mekatilili wa Menza anakumbukwa hasa kama mwanamke wa Kigiriama aliyewakabili Waingereza katika pwani ya Kenya. Kisa cha kuku na vifaranga vyake kinajulikana mno, nasi tutakiacha. Kinachosimuliwa mara chache ni namna alivyopokewa nyumbani baada ya kifungo.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilidai kodi ya vibanda na vijana wa kufanya kazi za mashambani. Mekatilili, aliyekuwa mjane, alipita vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, hadi umati ukakusanyika Kaya Fungo. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, kwamba hawatashirikiana na Mzungu. Mwezi Oktoba alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mbali kabisa na pwani.

Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakasafiri mamia ya kilomita kupita nchi wasiyoijua, wakafika kwao. Hapakuwa na aliyewafukuza. Serikali ndiyo iliyowasaka, na safari ya pili ikawapeleka Kismayu. Mwezi Agosti mwaka huohuo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na vita vilivyofuata viliteketeza nyumba za Wagiriama kwa maelfu.

Waliporuhusiwa kurudi, mwaka 1919, wangeweza kulaumiwa kwa maafa yote hayo. Familia zilikuwa zimefiwa, tena zilikuwa zimetozwa faini nzito. Mwanamke atokaye gerezani, zamani na hata leo, mara nyingi hukuta mlango umefungwa na jina lake limekuwa onyo kwa mabinti. Wagiriama walitenda kinyume. Wote wawili walikaribishwa kuishi ndani ya kaya yenyewe. Wanje akaongoza baraza la wanaume, Mekatilili baraza la wanawake. Si jambo dogo kwamba hakurudi peke yake: karibu naye alikuwapo mtu aliyeonja kifungo kilekile na njia ileile, ambaye hakuhitaji kuelezwa lolote. Na wanawake aliowaongoza sasa walitoka katika jamii ileile iliyokula kiapo naye kabla hajafungwa.

Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, eneo la Magarini, katika kaunti ya sasa ya Kilifi.