John Backus: Aliyeunda Fortran, kisha akaigeuka

JOHN Backus alizaliwa Philadelphia, Marekani, Desemba 3, 1924, mtoto wa dalali wa hisa. Chuo Kikuu cha Virginia kilimshinda kwa utoro. Baadaye, akijifunza ufundi wa redio mjini New York, akaanza kupenda hesabu. Alisoma Columbia, na mwaka 1950 akaajiriwa IBM.

Enzi hizo, kuipa kompyuta hesabu kulichosha. Kila hatua iliandikwa kwa alama za mashine, na kosa moja liliharibu kazi nzima. Backus akaomba ruhusa kwa wakubwa atafute njia nyepesi. Mwaka 1957 kikosi chake kilitoa Fortran, lugha iliyomwezesha mhandisi kuandika fomula karibu kama anavyoiandika daftarini. Ilienea haraka.

Mwingine angeridhika na sifa hizo. Lakini mwaka 1977, alipotunukiwa Tuzo ya Turing, Backus aliikosoa hadharani njia ileile iliyompa jina. Hoja yake ilikuwa kwamba lugha hizo huifuata mashine mno. Namba hutolewa ghalani moja moja, hubadilishwa na kurudishwa, mithili ya mpaka wenye lango moja na foleni ya malori.

Alitoa mfano wa kuzidisha orodha mbili za namba na kujumlisha. Ni hesabu yako wewe mwenye orodha ya magunia na orodha ya bei. Kwa njia ya zamani unaiamuru mashine ichukue gunia la kwanza, izidishe, iongeze kwenye jumla, iende la pili, hadi mwisho. Backus alitaka useme mara moja: zidisha kila jozi, kisha jumlisha zote. Kanuni ndogo kama hizo, ziitwazo fankisheni, huunganishwa kujenga kubwa.

Lugha yake mpya, FP, haikupata soko. Fortran ilikuwa na kasi, na programu nyingi zilikwisha kuandikwa kwayo. Hadi leo inatumika kutabiri hali ya hewa. Hata hivyo, wazo la fankisheni liliendelea kukua, na mwaka 1990 ikazaliwa lugha ya Haskell. Fortran yenyewe baadaye iliruhusu orodha nzima kuzidishwa kwa mstari mmoja.

Backus alistaafu mwaka 1991, akafariki Machi 17, 2007, Ashland, Oregon. Anayechagua lugha ya mahesabu leo bado anapima aliyoyapima yeye: kasi ya mashine, au wepesi wa mtu kusoma hesabu yake na kuona kosa liko wapi.