William Gossage: Mtengeneza sabuni aliyeiachia Afrika Mashariki kombe

KWA miaka 40, tangu 1926 hadi 1966, jina la Gossage lilikuwa midomoni mwa mashabiki wa kandanda wa Afrika Mashariki. Ndilo lililobebwa na kombe ambalo Kenya na Uganda zilianza kulishindania, Tanganyika ikajiunga mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata katika mwongo huo huo.

Hata hivyo, mwenye jina hakuwa mwanasoka wala gavana. Alikuwa mwanakemia Mwingereza, na kombe hilo lilipoanza alikuwa amelala kaburini kwa karibu nusu karne.

William Gossage alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Burgh le Marsh, jimbo la Lincolnshire, Uingereza, katika familia kubwa. Akiwa bado mtoto, alipelekwa Chesterfield kwa mjomba wake aliyekuwa muuza dawa, ajifunze kazi. Huko, katikati ya chupa na mizani, ndiko alikoipenda kemia. Alijisomea Kifaransa pia, maana vitabu vingi vya elimu hiyo viliandikwa kwa lugha hiyo.

Baada ya kufanya biashara ya dawa mjini Leamington, aliingia katika utengenezaji wa magadi huko Stoke Prior mnamo 1830. Kenya huchimba magadi katika ziwa lenye jina hilo hilo, lakini viwanda vya Uingereza wakati huo viliyatengeneza kwa chumvi na asidi. Kazi hiyo ilitoa gesi kali iliyokausha mimea na kutafuna vyuma, na wakulima waliopakana na viwanda hivyo wakawa hawaishi kulalamika na kwenda mahakamani.

Gossage alilipatia tatizo hilo jawabu mwaka 1836. Alichukua kinu kikuukuu cha upepo, akakijaza vichaka na matawi, akaruhusu maji yatiririke kutoka juu huku gesi ikipita ndani. Maji yaliinasa gesi kabla haijafika angani. Mnara huo ulienea viwandani, na mwaka 1863 bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kunasa asilimia 95 ya gesi hiyo, njia ya kuitii ilikuwapo tayari.

Uvumbuzi huo haukumtajirisha. Alihangaika na majaribio mengine, yakiwemo ya shaba, hadi alipohamia Widnes mwaka 1850. Hapo ndipo bahati ilipomwangukia kupitia sabuni. Mafuta ya wanyama yalikuwa ghali, naye akagundua namna ya kuchanganya silikati ya sodiamu ili sabuni iwe rahisi bila kupoteza nguvu ya kusafisha. Sabuni yake yenye madoadoa ya buluu ikawa maarufu, na wanyonge wakaweza kuinunua. Alifariki tarehe 9 Aprili, 1877, akiwaachia wanawe kiwanda kilichouza bidhaa zake ng'ambo.

Kampuni yake ndiyo iliyotoa kombe mwaka 1926, ili mashindano ya Kenya na Uganda yalitangaze jina la sabuni hiyo. Kenya ililitwaa kwanza kwa kuilaza Uganda. Kiwanda cha Widnes kilisitisha uzalishaji mwongo wa 1930, lakini kombe likaendelea kupiganiwa, likiishi kuliko sabuni iliyolizaa.

Lakini mwaka huo huo wa 1926 una kumbukumbu nyingine kwa wakazi wa kaskazini mwa Kenya. Wakati vijana wa Nairobi na Kampala walipofunguliwa uwanja, serikali ya kikoloni ililitangaza eneo la mpaka wa kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Kwa kijana wa Wajir au Mandera, hata awe na kipaji cha aina gani, safari ya kwenda kuonekana na wateuzi wa timu ilianzia katika ofisi ya mkuu wa wilaya.

Uhuru ulipowadia mwaka 1963, Garissa, Wajir na Mandera zikawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mmoja kati ya minane nchini. Lakini tarehe 28 Desemba mwaka huo, hali ya hatari ilitangazwa huko kutokana na vita vya Shifta. Vita hivyo viliisha mwaka 1967, ila hali ya hatari haikuondolewa kisheria hadi 1991. Kombe la Gossage lilichezwa mara ya mwisho 1966, likazaa Kombe la Changamoto la Afrika Mashariki mwaka uliofuata, na Kombe la CECAFA mwaka 1973. Hivyo historia nzima ya kombe hilo, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, ilipita huku lango la kaskazini likiwa limefungwa au kulindwa kwa bunduki.

Gossage hana lawama katika hilo. Alikuwa amekufa kitambo. Yeye alitumia maisha yake kufanya kitu ghali kimfikie mnyonge. Kombe lililochukua jina lake liliwafikia wengi, lakini halikuvuka Mto Tana.