Edmond Albius: mtumwa wa miaka 12 aliyeifanya vanila izae

Wasikilizaji wetu wa Kilwa, Lindi na vijiji vya jirani hutuuliza kuhusu vanila: inapandwaje nyumbani, na mtu ategemee kuvuna nini miaka ya mwanzo? Leo tunajibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwenye maisha ya mtoto mmoja aliyewafungulia njia wakulima wote wa zao hili.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska. Alizaliwa mtumwa, na mama yake, Mélise, alifariki akimzaa. Kisiwa hicho kina uhusiano na historia yetu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wengi waliopakiwa melini hapa Kilwa waliishia kwenye mashamba ya Bourbon na Mauritius.

Edmond alilelewa kwa bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, mpenzi wa mimea. Hakupelekwa shule, lakini alimfuata bwana huyo bustanini kila siku na kujifunza majina ya mimea na kazi ya maua. Alionyeshwa pia jinsi ya kuchavusha maua ya mmea wa jamii ya matikiti kwa mkono.

Bustanini mlikuwa na mvanila mmoja uliokaa miaka mingi bila kuzaa. Asili ya vanila ni Meksiko, ambako kuna wadudu wanaochavusha maua yake. Bourbon haikuwa na wadudu hao. Ndani ya ua la vanila kuna kiutando kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, hivyo ua hunyauka bila kutunga tunda.

Mwaka 1841, Edmond akiwa na miaka 12, bwana wake aliona matunda kwenye mvanila ule. Kijana alieleza kuwa ni kazi yake. Alichukua kijiti chembamba, akainua kile kiutando, kisha kwa kidole gumba akagandamiza chavua kwenye sehemu ya kike. Alianza kupelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha wengine, na baadaye Bourbon ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa vanila duniani. Kutoka huko ujuzi ulifika Madagaska na nchi nyingine.

Desemba 1848 utumwa ulikomeshwa kisiwani. Edmond akapewa jina la ukoo, Albius, lakini hakupewa ardhi wala fedha. Alikwenda mjini Saint-Denis, akafanya kazi jikoni, kisha akafungwa kwa kosa la wizi. Aliachiliwa kabla ya muda kwa sababu ya mchango wake. Mtaalamu mmoja wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alidai kuwa ndiye aliyeufundisha uchavushaji huo, na Bellier-Beaumont akaandika kumtetea Edmond. Edmond alirudi Sainte-Suzanne, akaoa, na mwaka 1880 akafa maskini. Wenye mashamba walikuwa wametajirika.

Sasa turudi shambani. Vanila ni mmea unaotambaa, hivyo unahitaji mti wa kuegemea na kivuli cha wastani. Panda kipande cha shina chenye urefu wa mita moja hivi, weka matandazo ya kutosha, na usiache maji yatuame. Pwani yetu ina kiangazi kirefu, kwa hiyo asiye na maji karibu asianze na miche mingi.

Mwaka wa kwanza na wa pili usitegemee kuvuna kitu. Maua ya kwanza kwa kawaida huja mwaka wa tatu, nayo huwa machache. Kila ua hufunguka siku moja tu, na huchavushwa asubuhi kwa njia ileile ya Edmond. Usichavushe maua yote ya shada. Maua 8 hadi 10 yanatosha, maana mmea mchanga ukibebeshwa sana hudhoofika. Matunda hukomaa baada ya miezi 9 hivi, na kilo 5 hadi 6 za matunda mabichi hutoa takriban kilo moja ya vanila kavu.

Bei ya vanila hupanda na kushuka sana. Kabla ya kutoa fedha za miche, jua kwanza nani atanunua na anapima vipi, kisha anza na mashina machache huku ukiendelea na korosho, ufuta au nazi zako. Edmond aliwafundisha wengine kazi hii, faida ikaenda kwingine. Tusingependa yakukute wewe pia, msikilizaji wetu.