Kamaluddin Al-Farisi na Nambari Zipendanazo

Tumepata barua kutoka Tarbaj, upande wa Wajir, ya mwalimu wa chuo, au duksi kama wanavyosema wenyewe huko. Atuuliza juu ya hirizi ya mapenzi iliyoandikwa nambari 220 na 284: zina siri gani? Tumeona jibu lililo bora ni kumweleza maisha ya mtu aliyezijua nambari hizo kuliko waandika hirizi wote.

Mtu huyo ni Kamaluddin Al-Farisi, Mwajemi, aliyezaliwa mwaka 1267 na kufariki 1319 hivi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipomuuliza sheikh wake, Qutbuddin Ash-Shirazi, jinsi nuru inavyopinda, alielekezwa kwenye kitabu cha Ibn al-Haytham. Hakukisoma akakifunga. Alitwaa tufe la kioo, akalijaza maji, akalitia nuru ya jua katika chumba cha giza. Akabainisha kwamba upinde wa mvua watokana na nuru kupinda iingiapo katika tone, kurudishwa ndani yake, na kupinda tena itokapo.

Mtu wa namna hii alipozishika nambari, alizishika vivyo hivyo. Wahisabu wa kale walijua kwamba ukijumlisha nambari zote ndogo zinazoigawa 220 bila ya kubakia kitu wapata 284. Na zinazoigawa 284, nazo ni 1, 2, 4, 71 na 142, jumla yake ni 220. Ndipo zikaitwa zipendanazo. Thabit bin Qurra wa Harran, aliyefariki 901 (hakuwa Mwislamu, lakini haki yake apewe), alitoa kanuni ya kupatia nyingine. Watu wa talasimu, kama alivyotaja Ibn Khaldun, wakazifanya 220 na 284 kuwa dawa ya kupendwa.

Al-Farisi akaandika risala, Tadhkiratul Ahbab. Alianza chini kabisa: kila nambari iliyozidi moja ama ni tasa, ama yavunjika mpaka zibaki tasa tupu, na mwenye kuzijua tasa hizo huvipata vigawanyo vyote bila ya kubahatisha. Kwa njia hiyo aliithibitisha upya kanuni ya Thabit, akatoa jozi kubwa zaidi: 17296 na 18416.

Nasi tulikaa baada ya Isha tukaijaribu. 18416 ni 16 mara 1151, na 1151 ni tasa. Vigawanyo vyake basi ni 1, 2, 4, 8, 16, 1151, 2302, 4604 na 9208. Jumla 17296, haizidi wala haipungui. 17296 nayo ni 16 mara 23 mara 47, na vigawanyo vyake kumi na tisa vyatoa 18416, ingawa tulikosea mara mbili kabla ya kufika.

Ulaya jozi hii ilipewa jina la Fermat, Mfaransa, aliyeitaja 1636, zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Wako wasemao kuwa Ibn al-Banna wa Marrakesh, wa zama zile zile, naye aliijua. Hilo halimpunguzii Al-Farisi kitu.

Basi, mwalimu wetu wa Tarbaj, ifungue hirizi hiyo, uwape wanafunzi 220 waivunje juu ya mbao zao: 2, 2, 5 na 11.