Robert Harper na Kivuko Chake

Katika Amerika ya Kaskazini iko mito miwili, Potomac na Shenandoah. Mito hiyo hukutana chini ya majabali marefu, kisha hupenya pamoja kati ya milima ya Blue Ridge na kuteremka kwenda baharini. Zamani nchi hizo zilikuwa makoloni ya Mfalme wa Uingereza, wala mahali pale hapakuwa na daraja. Mtu atokaye Maryland kwenda Virginia hakuwa na budi kuvushwa kwa chombo.

Robert Harper alizaliwa mwaka 1718, akafanya kazi yake katika mji wa Philadelphia. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba na vinu vya kusagia nafaka. Mwaka 1747 aliitwa na Wakristo wa Jamii ya Marafiki, waliokaa katika bonde la Shenandoah, akawajengee nyumba ya ibada. Hao ndio Marafiki ambao wamisioni wao walifika Kaimosi, katika nchi ya Kenya, mwaka 1902.

Njiani Harper akafika pale penye mito miwili. Akamkuta mtu mmoja, jina lake Peter Stephens, ambaye alikuwa na kibanda na kivuko. Stephens hakuwa na hati ya ardhi, kwa kuwa kwa sheria ya Waingereza nchi ile ilihesabiwa kuwa mali ya Lord Fairfax. Harper akasimama akatazama kwa macho ya fundi. Aliona kwamba watu wengi wataipita njia ile kwenda kutafuta mashamba, na kwamba maji yaendayo kwa kasi yanaweza kuzungusha gurudumu la kinu. Basi akamlipa Stephens, akavitwaa kibanda na kivuko.

Lakini mto umpao mtu riziki huweza pia kumnyang'anya. Mwaka uliofuata, 1748, maji yalifurika yakamfukuza Harper nyumbani mwake. Wengine wangalihama, yeye alirudi akaanza tena. Mwaka 1751 akapata hati ya Lord Fairfax ya eka 125. Mwaka 1753 mto ukafurika tena, ukachukua maboga mengi ya mashambani, hata watu wakayaita yale Mafuriko ya Maboga. Harper hakuondoka.

Kazi ya mvushaji wa siku zile haikuwa nyepesi. Vyombo vyake vilikuwa bapa, ili gari na farasi wake wapate kuingia, navyo vilisukumwa kwa nguvu za mikono. Ilimpasa mvushaji kuyajua maji na mawe yaliyofichwa chini yake, kwani roho za watu na mali zao zilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1761 Baraza la Virginia lilimpa Harper idhini ya kuendesha kivuko cha kwenda Maryland, na mwaka 1763 likaanzisha mji penye kivuko chake.

Mwaka 1775 Harper alianza kujenga nyumba kubwa ya mawe kwenye mteremko, juu ya mahali palipofikiwa na maji. Mwaka ule ule vita vikaanza kati ya makoloni na Uingereza. Mafundi wakawa haba, na kazi ikaenda polepole miaka saba. Mkewe Rachel akafa mwaka 1780. Mwaka 1782, nyumba ilipokaribia kwisha, Harper naye akafa, asilale humo hata usiku mmoja. Hakuwa na mtoto. Sehemu kubwa ya mali yake ikamwendea Sarah, binti wa ndugu yake.

Jamaa ya Sarah waliendesha kivuko mpaka mwaka 1824, walipojenga daraja la mbao, na kazi ya vyombo ikakoma. Lakini mji uliendelea kuitwa Harpers Ferry, maana yake Kivuko cha Harper. Serikali ya Marekani iliweka hapo kiwanda cha bunduki. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, John Brown, aliyechukia utumwa, aliingia na watu wachache, weusi na weupe, ili atwae silaha na kuwafungua watumwa. Alishindwa, akanyongwa tarehe 2 Desemba. Hata hivyo jambo lile liliitikisa nchi nzima, na mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa katika Marekani.

Ile nyumba ya mawe ingali imesimama, nayo ndiyo kongwe kuliko zote za mji wa chini. Harper aliijenga mahali ambapo mafuriko hayafiki, wakafaidi waliokuja nyuma yake. Mpanda mti si lazima awe mla matunda.