Al-Jazari na Mtumishi Asiye na Roho

Twataka katika ukurasa huu kumtaja mtu ambaye mafundi wa Ulaya wamjua kuliko sisi tulio ndugu zake katika dini. Sababu ya kumkumbuka ni swali la kijana mmoja katika darsa. Aliuliza mwili wa binadamu umebakiwa na heshima gani, ikiwa zama hizi yameundwa maroboti yenye mikono na miguu, yatembeayo, yabebayo mizigo, hata kushika kisu cha mpasuaji. Wako katika sisi waliotaka swali hilo lipuuzwe, wakidai kuwa ni mambo ya wageni. Hatukukubali, kwani jambo hili liliingia katika majumba ya Waislamu zaidi ya miaka mia nane iliyopita.

Mtu huyo ni Badiuzzaman Abul-Izz Ismail bin Razzaz al-Jazari. Nisba yake ni ya Jazira, nchi iliyo baina ya mto Dajla na mto Furati. Tangu mwaka 570 wa Hijra, yaani kiasi cha 1174, alikuwa fundi katika nyumba ya wafalme wa Artuqi, ambao Salahuddin aliwapa mji wa Amid mwaka 1183. Mji huo leo waitwa Diyarbakır, katika nchi ya Uturuki. Alimtumikia baba, kisha mwana mmoja, kisha mwana wa pili, Nasiruddin Mahmud. Waandishi wa tarekhe wa siku zile walishughulika na vita vya Msalaba na kurudishwa kwa Baytul-Maqdis mwaka 1187, hawakupata nafasi ya kumwandika mtu wa nyundo na tupa. Tuyajuayo juu yake karibu yote yatoka katika kitabu chake mwenyewe, alichoamriwa na Nasiruddin kukiandika, akakimaliza mwaka 602, sawa na 1206. Humo ameeleza vyombo 50, kila kimoja kwa picha na vipimo, ili atakaye aweze kukiunda tena.

Ziko humo saa za maji, na mashuhuri yao ni ile ya tembo: ndani ya tumbo la tembo mna birika, na juu ya maji yaelea bakuli lenye tundu dogo, kila nusu saa bakuli huzama, kamba huvutika, ndege hulia na mchunga tembo hupiga. Kiko chombo cha kupimia damu ya mtu anayeumikwa, ili isitoke kupita kiasi. Yako mabomba ya kupandisha maji, ambayo moja lao lageuza mzunguko wa gurudumu kuwa mwendo wa kwenda na kurudi.

Lakini kilichotufanya tukisome kitabu hiki darsani ni chombo cha udhu. Mfalme alichukia kumiminiwa maji na mtumishi au kijakazi, akamtaka al-Jazari ambunie hila nyingine. Al-Jazari akaunda mtumishi wa shaba, amesimama, mkono wa kulia una birika, wa kushoto una taulo na kioo. Maji yamo ndani ya kifua chake. Afunguapo mfalme, upepo usukumwao na maji humliza ndege aliye juu ya birika, kisha maji humiminika. Yakikaribia kwisha, mkono wa kushoto hushuka wenyewe na kumpa taulo.

Hatumtaji ili kuhalalisha masanamu. Mlango huo una maneno yake kwa wanavyuoni. Wala kumiminiwa maji si haramu, kwani Mughira bin Shuuba alimmiminia Mtume s.a.w. safarini. Tulilozingatia ni jingine. Mtumishi yule wa shaba ana mkono, lakini hana udhu. Maji yapitayo kifuani mwake mchana kutwa hayamtwaharishi, kwa kuwa hana nia, hana hadathi, wala hatasimama mbele ya Mola wake kuulizwa mkono ule ulifanya nini. Na roboti la leo, lijapokuwa na vidole vyepesi kuliko vyetu, hukumu yake ndiyo hiyo. Heshima ya mwili wetu haikuwa katika nguvu. Punda alitushinda tangu zamani.

Na hapa twasema neno ambalo baadhi ya jamaa hawatalipenda. Katika majumba ya pwani yetu walikuwako watu waliosimama na birika na taulo namna ile ile, nao walikuwa na roho. Utumwa uliondolewa kwa sheria hapa Kenya mwaka 1907, na walioondoa si sisi. Mfalme wa Amid aliona uzito mkono wa mja kufanywa chombo, akaagiza chombo cha kweli. Babu zetu, wenye vitabu vya fiqhi majumbani, wengi wao hawakuona uzito huo. Kijana wetu aogopa chuma kufanywa mtu. Sisi twaogopa zaidi lile tulilokwisha kulifanya: mtu kufanywa chuma.

Al-Jazari hakuwa mtu wa kunakili tu. Alisoma kazi za waliomtangulia, wakiwamo wana wa Musa wa Baghdad, kisha akaziunda na kuzijaribu. Elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mikono aliiona kuwa i baina ya ukweli na uongo. Laiti tungalifuata mwendo huo! Kitabu chake, kilichoandikwa kwa Kiarabu kwa amri ya mfalme wa Kiislamu, kilitafsiriwa na Mwingereza Donald Hill mwaka 1974. Kiarabu chake kilihakikiwa na kupigwa chapa Halab na Ahmad Yusuf al-Hassan mwaka 1979, miaka mitano baada ya Waingereza kukisoma kwa lugha yao. Kwa Kiswahili sisi hatujakiona. Darsa ijayo, inshallah, tutaendelea na mlango wa mabomba, na atakayeweza kuchora na aje na karatasi.