Allidina Visram: Mwenye Maduka Aliyeitangulia Reli

Ukurasa huu umezoea kueleza maisha ya majemadari. Leo twamleta mfanyabiashara, na hatudhani kwamba askari msomaji atachoka naye, kwa kuwa marehemu Allidina Visram aliwashinda washindani wake kwa jambo ambalo kila mwanajeshi hulijua: kufikisha mzigo unapotakiwa, kabla mwingine hajafika.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, Bara Hindi, katika jamii ya Khoja Ismailia. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12, alivuka bahari akafika pwani yetu ya Afrika Mashariki bila mali yoyote. Huko Bagamoyo aliingia katika kazi ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyetayarisha misafara ya bara: nguo za merikani, shanga, masango ya shaba, pamoja na wapagazi wa kuvichukua. Hata Stanley, alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alipata wapagazi kwake, akalalamika sana kuwa amepunjwa. Ilikuwa shule ngumu hiyo, na kijana alihitimu.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliushika mtandao wa misafara. Alikuwa na maduka Dar es Salaam, Saadani, hata Ujiji. Sisi tulioko Rusizi, ambako mto wetu huteremka kutoka Kivu kwenda Tanganyika, twafahamu kuwa Ujiji si karibu na pwani kwa mtu aendaye kwa miguu.

Lakini reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwenye macho aliona kwamba siku za mpagazi zinahesabika. Wengine walingoja treni ifike. Visram hakungoja. Kila reli iliposonga mbele, duka lake lilifunguliwa kwenye stesheni mpya. Naye akatuma watu na bidhaa Uganda kwenyewe kabla garimoshi halijafika Kisumu mwaka 1901. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, alipopata ushindi wake wote. Mwaka 1900 Mkataba wa Buganda uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3. Mkulima alitakiwa alipe fedha, lakini fedha angeipata wapi pasipo mnunuzi? Duka la Visram lilinunua ngozi, ufuta na pembe, kisha likamwuzia mtu yule yule nguo na chumvi. Rupia ilitoka kwa mlango mmoja ikarudi kwa mwingine.

Makampuni ya Kizungu yalikuwa na mitaji mikubwa zaidi, lakini wakala wao alitaka nyumba nzuri na mshahara mnono, kwa hiyo hawakuweza kumweka katika kila kituo kidogo. Karani wa Visram alilala nyuma ya duka. Tena akisha kujua kazi, aliweza kufungua duka lake mwenyewe kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa bwana wake wa zamani. Hivyo hata mshindani aliyechipuka jirani aliendelea kuwa mteja. Ujanja huu twausifu kuliko yote.

Uganda Company ilipoanzishwa mwaka 1903 na pamba ikaanza kuenea, Visram hakukubali kuachwa nyuma. Alijenga mitambo ya kuchambua pamba, akaongeza ukamuaji wa mafuta na upasuaji wa mbao. Matawi yakazidi 30. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Udhaifu ulikuwepo, nao hautafichwa hapa. Amri zote zilitoka kwa mtu mmoja, na mali nyingi ilikuwa mikononi mwa wadeni waliomwamini yeye binafsi. Mwaka 1914 vita vilizuka, na mpaka baina ya nchi za Waingereza na za Wajerumani, ambao mali yake ilizoea kuuvuka, ukawa mstari wa mapigano. Mwaka 1916, baada ya safari ya biashara huko Kongo, alishikwa na homa, akafariki.

Mwanawe Abdulrasul alirithi kampuni, lakini hakurithi ile imani ya wadeni. Madeni hayakulipika, washindani wakajigawia soko la pamba, na katika miaka michache maduka yakapita katika mikono mingine, mengi yakiwa mikono ya waliokuwa makarani wake. Shule ya sekondari ambayo Abdulrasul aliijenga Mombasa kwa jina la baba yake ingali inafundisha.